Anti, kazi ninayo, afya ninayo, lakini naboeka mpaka natafuta ugomvi

Shikamoo Anti,

Naomba usinicheke mana kila niliyemwambia kacheka. Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Charambe, chumba kimoja cha kupanga, na kazi yangu ni uwakala wa miamala ya simu, nakaa kwenye fremu ya bosi wangu hapa Mbagala Rangi Tatu karibu na stendi. Kwetu Iringa. Nimesoma diploma ya uhasibu nikamaliza, nikazunguka mjini na bahasha ya vyeti mpaka viatu vikaisha soli, ndo nikapata hii. Sio kazi mbaya, sitaki kumkufuru Mungu, mshahara ni mdogo ila unatoka tarehe yake, bosi hana kelele, anakuja jioni anahesabu keshi na floti, yani ile hela iliyo kwenye simu, akikuta vimekaa sawa ananiaga anaondoka.

Shida ni mchana. Asubuhi watu wanajaa, nitolee, niwekee, dada fanya haraka gari inaniacha, muda unakimbia hata sijui umeenda saa ngapi. Ikifika saa tano hivi wanakata, mpaka saa kumi jioni. Hapo katikati anakuja mmoja mmoja, namhudumia, naandika kwenye daftari tarehe, jina, namba ya simu, kiasi, anasaini, basi, narudi kukaa. Feni linazunguka linapuliza joto. Nachukua simu, naangalia klipu, sekunde tatu naruka, nyingine naruka, nafunga, nafungua tena palepale nilipofunga, bando la siku linaisha saa nane haijafika na ukiniuliza nimeangalia nini sikumbuki hata kimoja. Afu jioni nakuwa nimechoka kama mtu aliyeshinda anabeba zege, na sijafanya kitu.

Ingekuwa kazini tu ningesema ni kazi. Lakini hata Jumapili ambayo ndo ofu yangu ni vilevile. Wenzangu walinitoa Coco Beach, tumekula mihogo, mishikaki, muziki, watu kibao, mimi nimekaa nawaza tu tunaondoka saa ngapi, na nilivyofika geto nikaanza kuwaza kwa nini nimerudi mapema.

Sasa kuna hiki ndo kimenifanya nikuandikie. Mchumba wangu yuko Geita, anafanya kazi mgodini, tunaongea usiku akitoka shifti. Ni mtu mzuri Anti, hana neno. Ila mchana nikishaboeka vibaya najikuta namtumia meseji za kumchokoza. "Naona siku hizi umenizoea." "Kama umepata mwingine si useme tu." Najua kabisa hakuna kitu, najua yuko chini huko hana hata mtandao, lakini nikishatuma moyo unaanza kudunda, nasubiri, yani angalau kuna kitu kinatokea. Akitoka anazisoma zote kwa mpigo, anapiga sauti imebadilika, nalia, naomba msamaha, yanaisha, afu narudia tena. Juzi kaniambia nimuonee huruma, anashuka shimoni akiwa na mawazo yangu kichwani. Iliniuma sana hiyo.

Rafiki yangu anasema niache kudeka, kuna watu wana digrii wanauza karanga. Mama mmoja jirani, mtu mzima tu, anasema huenda nimetupiwa kitu, niende nikaombewe. Dada yangu anasema nirudi Iringa tukalime. Mimi mwenyewe sielewi. Nakula vizuri, nalala vizuri, sina msiba. Zamani shuleni nilikuwa naimba kwaya, alto, na nilikuwa nasoma vitabu vya hadithi mpaka taa za bweni zinazimwa, sa hivi nikifungua kitabu ukurasa wa pili nshachoka. Je huu ni ugonjwa? Ni uvivu? Niache kazi? Nisaidie Anti yangu.

Mwanao, Mbagala

*

Marahaba mwanangu, na sijacheka hata kidogo.

Nianze na hao wanaokwambia ushukuru. Nia yao nzuri ila wamechanganya mambo mawili. Mtu anaweza akaishukuru kazi yake kila asubuhi na bado ikamchosha roho ifikapo mchana, havigombani hivyo vitu. Mwenye digrii anayeuza karanga ana shida yake ya kweli na wewe una yako, yake haifuti yako. Na uvivu nao tuutoe hapa mapema kabisa. Mvivu hataki kufanya kitu na hiyo hali inampendeza, kalala zake chali ana raha. Wewe huna raha. Mwaka 2012 mwanasaikolojia mmoja, John Eastwood, na wenzake wa Chuo Kikuu cha York kule Kanada, walieleza kwamba kuboeka ni pale mtu anapotaka kitu cha kufanya kimkolee na hakimkolei, akili inatafuta pa kushika haipati. Kwa hiyo kutaka unako, tena kwingi, ndo mana inauma. Mimi hilo limenipa moyo kuhusu wewe kuliko lingine lolote kwenye barua yako.

Ugonjwa je? Hapa nakuomba usome taratibu. Kuna sonona, na sonona ni ugonjwa wa kweli wenye matibabu. Mtu wa sonona mara nyingi hata kule kutaka kwenyewe kunakufa, usingizi unaharibika, chakula hakipandi au anakula kupitiliza, anajiona hana thamani, wengine wanawaza kufa, na hali inakaa wiki mbili au zaidi karibu kila siku. Umesema unakula na unalala, na meseji unazomtumia mwenzio zinaonyesha una njaa ya jambo kutokea, hujakata tamaa. Ndo mana nakujibu kama mtu aliyeboeka na labda mpweke. Ila umesema pia vitu ulivyokuwa unavipenda vimepoa, kwaya, vitabu, na hilo sitaki nilipite tu. Ukiona haya mengine nayo yanaanza, usiniandikie mimi kwanza, nenda hospitali, Temeke haiko mbali na wewe, waambie wazi unataka kuongea na mtu wa afya ya akili. Na yakija mawazo ya kufa usisubiri kukuche, mwambie mtu siku hiyohiyo na uende.

Haya, tuje kwa mchumba, mana hapo ndo pana moto. Mwaka 2014 Timothy Wilson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, walitoa utafiti wao kwenye jarida la Science. Waliwaweka watu mmoja mmoja kwenye chumba kitupu dakika 15, hamna simu, hamna kitabu, kaa na mawazo yako tu, lakini kuna kitufe, ukibonyeza unapigwa shoti ya umeme. Na walikuwa wameshaonjeshwa hiyo shoti kabla, wakasema wako tayari hata kulipa hela wasipigwe tena. Unajua kilichotokea? Wanaume 12 kati ya 18 walijipiga shoti wenyewe. Wanawake 6 kati ya 24. Watu wazima, akili zao timamu, hamna aliyewalazimisha, kukaa tu na ukimya kuliwashinda wakaona bora waumie.

Wewe kitufe chako ni ile meseji. Moyo unadunda, kuna kitu kinatokea, umesema mwenyewe. Tofauti ni kwamba shoti yako inampiga mtu mwingine, tena mtu anayeshuka chini ya ardhi kufanya kazi inayotaka utulivu wa akili. Hilo la kumchokoza liache leo, sio kidogokidogo. Na mwambie sababu, mwambie kama ulivyoniambia mimi, kwamba mchana unakuwa mtupu unaanza kutafuta pa kugusa na pa kugusa unapopaona ni yeye. Mwanaume anayejua hilo atalala vizuri kuliko anayedhani anashukiwa kila siku. Mkubaliane, ukizidiwa mchana unamtumia sauti ya dakika mbili unampa stori ya fremu, mteja gani kaja na kituko gani, akiikuta jioni atacheka.

Simu sasa. Sikwambii uitupe, kazi yako ni simu. Ila hii ya kuruka sekunde tatu sekunde tatu unadhani inakuondolea kuboeka kumbe ndo inakupikia. Mwaka 2024 Katy Tam na Michael Inzlicht wa Chuo Kikuu cha Toronto walilijaribu hilo. Watu waliwapa mara video moja ya dakika 10 waiangalie bila kuruka, mara video fupifupi kadhaa waruke watakavyo. Wenyewe walikuwa wanaamini kurukaruka kutawapunguzia kuchoka. Ikawa kinyume, wakiruka ndo wanaboeka zaidi na wanaona walichoangalia hakina maana. Na ukiwaza inaeleweka, kitu hakiwezi kukukolea kama hukipi nafasi, unakikata kabla hakijaanza afu unasema hakina ladha. Kwa hiyo ukitaka kuangalia, angalia, ila chagua kimoja kirefu, kipakue usiku bando likiwa rahisi, mchana hakuna kuruka, hata kikikuchosha dakika za mwanzo kaa nacho. Na kitabu hivyohivyo. Huo ukurasa wa pili unaochokea ndo mlango wenyewe, sukuma ufike wa tano, mteja akija weka kidole, mhudumie, rudi.

Lakini mwanangu, burudani peke yake haitakutosha, nakwambia ukweli. Ukishuka hapo stendi ukatafuta wazee wanaocheza bao, mchana huohuo wa kwako, joto hilohilo, hamna feni hata, watazame. Mashimo 32, kete 64, kazi ni kuokota na kusambaza. Mpita njia haoni cha maana. Muulize sasa yule mzee aliyebanwa kama kaboeka, hata hatakusikia. Mwanasaikolojia mwingine, Mihaly Csikszentmihalyi, aliandika kuhusu hili tangu 1975, kwamba kazi ikizidi uwezo wako inakupa hofu, uwezo wako ukiizidi kazi inakuboa, na raha inakaa pale vinapokaribiana. Wewe siku za kwanza kwenye hiyo fremu hukuboeka, nina uhakika, uliogopa kukosea namba, uliogopa noti bandia, uliogopa floti kuisha. Sasa hivi mikono inajua yenyewe na kichwa kimebaki hakina kazi. Kichwa chenye diploma ya uhasibu, jamani!

Sasa lifungue hilo daftari lako. Umekaa na hazina hapo miezi yote unaiandika tu na kuifunga. Chukua daftari jingine la kwako, mchana ukae uchambue, siku gani watu wanatoa zaidi kuliko kuweka, tarehe 25 mpaka tarehe 5 inakuwaje, keshi inaisha saa ngapi, floti inaisha saa ngapi, ni wateja wangapi uliwarudisha kwa sababu hukuwa na kimojawapo na hao wangekuletea kamisheni kiasi gani. Chora hata kwa rula. Ni kazi inayokatika mteja akija na inayoendelea akiondoka, haihitaji bando, na ina jibu mwishoni, kitu ambacho klipu hazina. Ukishamaliza hiyo, toa vitabu vyako vya diploma, kaulizie mitihani ya NBAA, hiyo bodi ya wahasibu, sifa zako zinakuingizia ngazi gani, ukianza kujiandaa utashangaa saa tano mpaka saa kumi ilivyo fupi. Wenzio wanasoma usiku wakiwa hoi, wewe una mchana mzima na meza.

Ila usiujaze wote. Kuna utafiti mwingine wa 2014, Sandi Mann na Rebekah Cadman wa Chuo Kikuu cha Central Lancashire, Uingereza. Waliwapa watu kazi ya kuboa kwelikweli, kunakili namba za simu kutoka kwenye kitabu cha simu kwa dakika 15, yani hii ya kwako mwanangu, hii hasa! Baadae wakawaambia wabuni matumizi ya vikombe vya plastiki, na waliokuwa wamenakili namba wakatoa mawazo mengi kuliko ambao hawakuboeka kwanza. Akili ikikosa kitu inaanza kutangatanga na huko inakotangatanga inaokota. Lakini haiwezi kutangatanga kama kila ikinyanyua mguu unaipa klipu. Kwa hiyo nafasi kidogo baada ya chakula, simu kwenye droo, kalamu mkononi, angalia watu wanavyopita, kitakachokuja andika. Siku nyingine hakitakuja kitu na utaboeka tu, ni sawa, haiui.

Jumapili nenda kwaya. Hili nalisema bila kuzunguka. Coco Beach ulikaa kutazama wengine wanavyofurahi, na kwa mtu wa hali yako kutazama ndo kitu kilichomchosha wiki nzima. Kwenye kwaya alto wakikosa mmoja mwalimu anajua, unafundishwa wimbo mgumu, unakosea, unarudia, watu wanakusubiri, wanakuuliza mbona juzi hukuja. Naona pia siku nzima hapo kwenye fremu hamna mtu anayekuita jina lako, ni dada, dada, anti, wakala. Upweke ukikaa muda mrefu unavaa nguo za kuboeka na mtu hajui kipi ni kipi. Hata mama ntilie wa jirani, hata fundi cherehani, kula nao mchana badala ya kufungiwa msosi ukala peke yako ndani.

Mama jirani anasema umetupiwa kitu. Kuombewa hakuna ubaya, kama imani yako inakutuma nenda, ila nikupe stori. Karne ya 4 kule Misri kulikuwa na mtawa wa jangwani, Evagrius, aliandika juu ya pepo wa mchana anayewasumbua watawa. Anasema anakuja kama saa nne mpaka saa nane, kwa hesabu ya kuhesabu tangu jua kuchomoza kama sisi tunavyohesabu. Analifanya jua lionekane limesimama, siku inakuwa na urefu wa saa hamsini, mtawa anachungulia dirishani kila mara, anakichukia chumba chake, anaichukia kazi ya mikono yake, anaanza kuwakumbuka ndugu zake na kuwaza sehemu nyingine ambako maisha yatakuwa rahisi. Zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, hamna simu, hamna Mbagala, na ni barua yako neno kwa neno! Kwa hiyo hujalogwa peke yako, na huyo mtawa hakushauri watu wahame, alishauri wabaki wavumilie mpaka wimbi lipite.

Ndo mana na mimi nakwambia usiamue kuhusu Iringa ukiwa katikati ya saa nane mchana. Kilimo ni kazi ya heshima na kama moyo wako uko huko nenda, ila uende kwa sababu unataka shamba, sio kwa sababu unaikimbia fremu, mana baada ya kupanda kuna kusubiri kurefu tu, na hii hali itakufuata hadi huko. Ujaze hizo saa kwanza kama nilivyokueleza, kaa nazo miezi kadhaa. Baada ya hapo kama bado kazi ni ndogo kuliko wewe, basi ni ndogo kuliko wewe, hapo kuboeka kutakuwa kunakwambia ukweli, tafuta nyingine huku hii ukiwa umeishika.

Na ule uchambuzi wako ukikamilika mpelekee bosi jioni moja akiwa hana haraka, umwonyeshe keshi ya kuongeza siku gani na kwa nini. Akikubali omba akuongezee na mshahara, usione aibu, umemuingizia hela. Akikataa, nakala baki nayo, safisha mwandiko, funika majina na namba za wateja, uiweke kwenye ile bahasha ya vyeti, mana sasa ukiitwa intaviu utakuwa na kazi ya kuwaonyesha.